Umenunua besi mpya? Chukua na hivi vitu vya kuiseti kabla hujawaza pedali

Watu wengi wakishanunua gitaa la besi, hela inayobaki inakimbilia pedali (vile viboksi vya kubadilisha sauti) au spika kubwa, afu baada ya muda malalamiko yanaanza: besi ngumu, vidole vinauma, uzi wa E unakwaruza kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), ukipanda juu sauti inatoka nje ya tyuni. Mara nyingi hiyo besi haina ubaya wowote, haijasetiwa tu. Imetengenezwa Indonesia au China huko, imekaa kwenye kontena, imefika Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi hali ya hewa ni nyingine kabisa, na mbao ni mbao, shingo inajikunja. Vifaa vya kuirekebisha mwenyewe wala si vya bei ya kutisha, na vingine utavipata kwa wauza vipuri vya pikipiki kirahisi kuliko duka la vyombo vya muziki.

Tyuna, kile kifaa cha kupimia kama nyuzi zipo kwenye noti yake, ndo ya kwanza. Hizi za kubana kwenye kichwa cha besi ni poa ila ukinunua ijaribu kwa uzi mnene kabisa, sababu uzi wa E wa besi unatetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde, na ule wa B kwenye besi ya nyuzi tano kama mara 31, tyuna nyingi za bei chee zikifika huko zinaanza kuruka ruka. Ikikusumbua, gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uachie. Inatoka sauti ya juu zaidi, noti ileile, na tyuna inaisoma bila shida. App ya simu inatosha ukiwa nyumbani, lakini kanisani kabla ya ibada, dramu wanajaribu na mtu wa mic anasema "moja mbili, moja mbili", simu itasikia kila kitu isipokuwa besi yako.

Halafu aleni ki, zile funguo za pembe sita. Hapa tuliza akili maana ndo watu wanapoharibia vitu. Kuna za milimita na kuna za inchi, na kuna saizi zinafanana kiasi kwamba ki isiyo yake inaingia kabisa na unaona ni yenyewe. Mfano 3/16 ya inchi ni kama 4.76 mm, kwa hiyo ki ya 4.5 inaingia inacheza cheza, ukilazimisha inakula kona za ndani na ikishakula umeingia gharama ya fundi. Besi nyingi za Asia zinatumia milimita, za Marekani nyingi inchi, ila usikariri, angalia ile ki iliyokuja na besi, na kama haikuja nunua seti zote mbili. Ile kubwa ni ya trasi rodi, yaani kile chuma kinachopita ndani ya shingo, na ile ndogo kabisa, mara nyingi 1.5 mm, ni ya kupandisha na kushusha sedo, vile vyuma vidogo vinavyobeba kila uzi kule kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi.

Sasa fila geji. Hii muulize fundi pikipiki yeyote, ni vile vibapa vyembamba anavyopimia valvu, na wewe unaitumia kupimia shingo. Weka kepo (kibanio cha kukandamiza nyuzi) freti ya kwanza (huna kepo, omba msaada wa mtu abonyeze), tyuni iwe sawa kabisa, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, afu upime uwazi kati ya uzi na freti ya 8 hivi. Unatafuta kama 0.3 mm. Huna geji leo? Kadi ya benki ina unene wa kama 0.76 mm, sasa ikipita hapo kirahisi bila kugusa uzi ujue shingo imejikunja mno. Na kama hamna uwazi kabisa, uzi umelala kwenye freti, shingo imenyooka kupita kiasi na ndo maana freti za mwanzo zinakwaruza.

Kurekebisha: ukiwa umelitazama tundu la trasi rodi, ukizungusha kulia unakaza na shingo inanyooka, kushoto unalegeza na nyuzi zinaivuta ijikunje. Robo mzunguko, basi, usizidishe. Tyuni tena, pima tena, na ikiwezekana iache ilale usiku mmoja maana mbao haiitikii yote hapohapo. Ikigoma kuzunguka usipambane nayo kwa plaizi, mpelekee fundi.

Shingo ikikaa ndo unagusa sedo, sio kabla. Ukianza na sedo kesho ukigusa shingo kila ulichopima kimebadilika. Rula ndogo ya chuma yenye nusu milimita inatosha: pima kwenye freti ya 17, kipimo cha kampuni ya Fender ni kama 2.4 mm chini ya uzi wa E na 2 mm chini ya G, ule mwembamba, hapo ni pa kuanzia tu. Wewe kama unapiga kwa nguvu, slap nyingi (kugonga nyuzi kwa dole gumba), pandisha kidogo, kama ni rumba za vidole taratibu unaweza kushusha. Ikikwaruza kote juu pandisha.

Bisibisi ya nyota ni ya kusogeza sedo mbele na nyuma, ili ukipanda juu sauti isitoke nje ya tyuni. Linganisha ile sauti ya kugusa freti ya 12 na ile ya kubonyeza hapohapo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha sedo nyuma, ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya, zilizochakaa zinadanganya. Bisibisi hiyohiyo inashusha pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, kama sauti inapasuka au uzi mmoja unazidi wenzake.

Nyuzi za akiba hakikisha ni long scale kama besi yako ni ya inchi 34 (urefu wa uzi unaotetemeka), na 45 mpaka 105, yaani unene wa nyuzi, ndo saizi ya kawaida. Ununue na plaizi ya kukatia, ila kabla hujakata ukunje uzi kona kabisa, acha kama sentimita 10 kupita kigingi, ndo ukate mbele ya mkunjo, sio kwenye mkunjo wenyewe. Usipokunja ile waya ya nje inaweza kulegea na uzi ukafa sauti siku ya kwanza.

Mkanda chukua mpana, besi ni nzito na misa ya pili haina huruma na bega. Strapu loki (kifungo cha kuzuia mkanda usichomoke) ikikushinda bei, washa, yaani pete ya mpira, kutoka duka la vifaa vya bomba inabana kwenye kile kitufe cha mkanda na inakaa vizuri tu. Kama besi yako ina betri ya volti 9, chomoa waya kila ukimaliza kupiga, maana waya ukiwa umechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi, na uweke nyingine mpya kwenye begi.

Wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, chumvi ya hewani inakula nyuzi na skrubu za sedo, kwa hiyo kitambaa kikavu ufute kila ukimaliza, na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu usitupe, tupia ndani ya begi. Masika ikianza au kiangazi kikikaza, toa fila geji upime shingo tena.