Kulala nyumba kongwe Mbeya na Iringa: kagua haya kabla ya kulipa

Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai baridi yake haina mzaha. Nyumba za wageni za zamani zina kuta nene na dari za juu. Zinapendeza, ila hazishiki joto upesi.

Omba uone chumba kwanza. Fungua bomba la maji moto mwenyewe, usiridhike na ahadi ya mapokezi: hita ya tangi huhitaji muda kupasha, na shawa ya umeme hunyamaza umeme ukikatika. Wakisema wanachemsha kwa kuni, afadhali zaidi. Sukuma madirisha, maana mbao kuukuu hupinda na upepo hupenya. Dai mablanketi mawili mazito. Godoro likinuka unyevu, kataa.

Penye meko ya ukutani, anza na kuni kavu chache. Moshi ukirudi ndani, huenda dohani imeziba, hama chumba. Jiko la mkaa usiliingize kamwe, hewa yake huua mtu usingizini.

Kwa anayetoka Mbeya kwenda Iringa, shamba la zamani la Kisolanza hupokea wageni kando ya barabara kuu, kilometa 50 hivi kabla ya Iringa mjini. Weka nafasi mapema.