Kukanda mkate wa nyumbani kwa mkono bila kuongeza unga mezani

Donge likigandia vidoleni, wengi hukimbilia kunyunyiza unga. Kila konzi unayoongeza inafanya mkate uwe mkavu na mgumu kesho yake. Vumilia, kunata kunaisha kwenyewe.

Mahitaji: unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 310, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko viwili vya chakula, siagi gramu 30.

1. Changanya vikavu kwenye beseni. Mimina maji, lakini bakiza kama vijiko vitatu vya chakula, kwa sababu unga haunywi maji sawasawa. Maji yasiunguze kidole, yataua hamira. Pasipobaki unga mkavu, funika dakika 20. Usiruke hapa: unga unakunywa maji na gluteni (protini ya ngano inayolifanya donge livutike) inaanza kujishika kabla hujatumia nguvu.

2. Tia siagi, anza kukanda. Sukuma donge mbele kwa kiganja, likunje kurudi kwako, lizungushe robo, rudia. Dakika 4 za kwanza ni vurugu: siagi inateleza, donge linachanika, meza inachafuka. Kwangua meza, paka mikono mafuta kidogo sana, endelea. Kwenye dakika ya sita hivi litaanza kuachia meza lenyewe. Likiwa gumu na linapasuka, rudishia maji uliyobakiza, kijiko kimoja kimoja. Jumla ni dakika 10 hadi 12.

3. Pima. Kata kipande cha ukubwa wa limau, kivute taratibu pande zote kwa ncha za vidole. Kikitanda chembamba mpaka ukaona kivuli cha kidole upande wa pili, limeiva. Kikikatika mapema, kanda dakika 3 nyingine.

4. Acha liumuke mpaka liwe mara mbili. Mjini Moshi kipindi cha joto, saa moja inatosha. Arusha mwezi wa Juni na Julai, hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Usiongeze hamira kwa sababu ya baridi, mkate utanuka hamira. Usiliweke ubavuni mwa jiko pia, litakauka upande mmoja. Weka beseni ndani ya sufuria pana yenye maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kibichi.

5. Toa hewa, viringisha, weka kwenye chombo kilichopakwa mafuta. Subiri kama dakika 40. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, oka. Ikirudi upesi, bado.

6. Oveni nyuzi 200, dakika 30. Kwa jiko la mkaa, makaa mengi yakae juu ya mfuniko na machache chini, la sivyo kitako kitaungua na juu kubaki peupe. Gonga kitako cha mkate: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Usiukate ukiwa wa moto, ndani utashikana kama ugali. Subiri saa nzima.