Kumfundisha Kijana Mrefu wa Tanga Kuzuia Mitupo kwa Kielelezo cha Mutombo

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyecheza katika ligi ya NBA ya Marekani kuanzia 1991 hadi 2009, alizuia mitupo 3,289 na kuchaguliwa mara 4 kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kwa maoni yangu, hakuna kielelezo bora zaidi kwa kijana mrefu anayeanza mpira wa kikapu hapa Tanga.

Chora mstari wa chaki kwenye saruji, karibu na kikapu, kisha umwelekeze kijana aruke na kutua palepale, mikono ikiwa imenyooka juu, kwa kuwa anayerukia mbele humgonga mpinzani na kuadhibiwa kwa madhambi. Akiuvuka mstari, arudie. Baada ya hapo mzoeze kutoruka kabla miguu ya mtupaji haijaacha ardhi. Hatua hii ndiyo inayodai subira kubwa ya mwalimu. Mkumbushe pia kwamba mtupo ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni hauguswi.

Mutombo alihitimu kwanza Chuo Kikuu cha Georgetown, kwa hiyo mazoezi yapangwe baada ya masomo, jua likishapoa.