Kabla hujang'oa mkwaju wa bonsai

Mkwaju wa porini unaotaka kuufanya bonsai, yaani mti unaolelewa ubaki mdogo chunguni, haufii shambani. Hufa nyumbani, kwa sababu ulifika kabla ya mahali pake kuwa tayari. Mizizi myembamba, ile inayonyonya maji, hukauka upesi sana ikipigwa na jua na upepo wa kusi, ilhali mwenyewe bado anatafuta mchanga na misumari. Basi mti ukae mwisho kwenye orodha yako.

Ruhusa kwanza. Msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede, kaya za Wamijikenda (misitu yao mitakatifu) na mikoko ya Mida usiviguse, hata kama mti ni mdogo na unavutia namna gani. Tafuta shamba lenye mwenyewe, huko Ganda au Kakuyuni karibu na Malindi, linalosafishwa kabla ya masika. Visiki vinavyokatwa mwaka hadi mwaka na kutafunwa na mbuzi huwa na shina nene na fupi, nasi hatutaki zaidi ya hilo. Mwenye shamba angevichoma tu. Zungumza na mwenyewe, si kibarua wake. Ukitaka kuusafirisha mti mbali, uliza ofisi ya misitu kuhusu kibali.

Kabla ya kukubaliana bei, fukua udongo kwa mkono kuzunguka shina, sentimita 10 hivi. Ukiona mzizi mkuu mmoja tu umezama wima, bila mizizi ya pembeni iliyo karibu, uache. Uliojibana kwenye ufa wa tumbawe uache pia. Utatoka na kigogo kitupu.

Wakati mzuri wa kung'oa ni masika yanapoingia, kwa kawaida Aprili. Lakini mti mkubwa huanzwa wakati wa vuli: chimba mtaro wa nusu duara, kata mizizi inayojitokeza kwa msumeno mkali, kisha jaza mchanga mwepesi uliochanganywa na mboji. Mizizi mipya itaota karibu na shina, na Aprili utamalizia nusu iliyobaki pamoja na mzizi mkuu. Ukikata yote kwa siku moja, mti hubaki na majani mengi ambayo hauwezi kuyanywesha.

Kwa shina la sentimita 6, panga fungu la mizizi la upana wa sentimita 30 na kina cha 15 hadi 20. Kasha la mbao liwe la 40 kwa 40, kina cha 25, na matundu mengi chini yaliyofunikwa kwa wavu. Kasha pana linafaa kuliko lenye kina kirefu, maana mizizi ya bonsai inatakiwa itambae.

Mchanganyiko ndipo wengi wanapopotea. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie. Makumbi ya nazi pia huwa na chumvi, hasa yaliyozikwa pwani kwa ajili ya usumba. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Tumia sehemu 2 za matofali yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi lote, 1 ya mchanga mkavu wa mto na 1 ya mboji iliyoiva au makumbi yaliyosuuzwa. Vumbi likibaki huziba hewa, na mizizi iliyojeruhiwa huoza. Maji ya kisima yaonje: yakiwa na ukali wa chumvi, kinga maji ya mvua kwenye pipa kabla ya mti kufika.

Siku yenyewe beba sururu, mtaimbo, msumeno, mkasi wa kupogolea, magunia mawili yaliyolowa na kamba. Ng'oa jioni. Punguza matawi na majani mengi hapo hapo, funga mizizi kwenye gunia, na uupande mti usiku huo huo. Funga shina kwenye kasha kwa waya mpaka lisitikisike; likiyumba, kila kizizi kipya hukatika.

Kivuli kiwe cha makuti, chenye mwanga uliochujwa, mahali pasipo upepo. Usitie mbolea mpaka machipukizi yakomae. Ukishuku kuwa mti umekufa, kwaruza gome kwa ukucha: kijani chini yake maana yake subiri. Waya wa kukunjia matawi ungoje mpaka ukuaji uwe na nguvu, na chungu cha bonsai kisinunuliwe kabla ya masika ya pili.