Magamba ya kichwani: jinsi ya kuifikisha dawa kwenye ngozi

Huu ni mwaka wa 16 nasuka na kuosha vichwa vya watu hapa Ngamiani, Tanga. Kichwa changu mwenyewe kina soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba mazito, tangu nikiwa na miaka 23. Haya ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, kwangu na kwa wateja wanaokuja jioni saluni ikishapungua watu. Wanafungua mtandio taratibu, wanaangalia mlango, halafu wananiuliza, "Dada, utaweza kukishika kichwa hiki?" Naweza. Kaa hapa.

Jambo lililonichelewesha miaka 4, likala na pesa zangu, ni kwamba nilikuwa napaka dawa juu ya gamba. Dawa yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini gamba lilikuwa nene kama ukoko wa wali, dawa inabaki juu yake, nyingine inanywewa na nywele, na ngozi iliyo chini haipati kitu. Mwezi ukiisha nasema dawa imeshindwa, naenda kununua nyingine.

Hatua ya 1: Jua kwanza unatibu nini

Kichwani kuna magonjwa matatu yanayofanana, na wengi wetu yote tunayaita mba.

Mba wa kawaida ni unga au vigamba vyembamba vyenye mafuta kidogo, vimesambaa kichwa kizima bila mpaka. Mapunye ni ya fangasi, huwapata zaidi watoto: nywele zinakatika, panabaki kipara cha mviringo, na yanaambukiza. Hayo hutibiwa kwa vidonge, kupaka peke yake hakutoshi. Soriasisi ina gamba nene, kavu, la rangi ya fedha au kijivu, na mpaka wake unauona wazi kabisa, hapa pagonjwa hapa pazima. Hupenda kuvuka mstari wa nywele ikatokeza kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na kisogoni.

Vitabu vingi husema ngozi iliyo chini ya gamba ni nyekundu. Kwenye ngozi zetu mara nyingi utaona zambarau, kahawia iliyokolea au weusi wa kijivu, kwa hiyo usisubiri wekundu. Tazama pia viwiko, magoti, kitovu na chini ya mgongo. Tazama kucha: zikiwa na vishimo vidogo kama zimechomwa na sindano, mwonyeshe daktari. Mimi kucha zangu zilikuwa na vishimo miaka 2 kabla ya mtu yeyote kuniuliza habari za kucha.

Na usichanganye na pumu ya ngozi. Kuna duka la dawa nililopewa tiba ya fangasi mara tatu, kisha tiba ya pumu ya ngozi, bila mtu kuniomba nifungue kichwa. Nenda kliniki ya ngozi. Sisi wa Tanga huanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Wapo pia matabibu waliosomea ngozi hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Ukifika uliza siku ya kliniki ya ngozi, na usioshe wala kupaka mafuta asubuhi hiyo. Kichwa kikipakwa mafuta kinang'aa na gamba halionekani vizuri.

Jambo la kuwaambia watu wa nyumbani: soriasisi haiambukizi, si kwa kitana, si kwa mto, si kwa taulo. Ni kinga ya mwili inayoisukuma ngozi ijitengeneze haraka kupita kiasi. Ngozi isiyo na ugonjwa hujibadilisha kwa karibu mwezi mmoja, yenye soriasisi hufanya kazi hiyo kwa siku chache tu, ndiyo maana magamba yanarundikana. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliutambua rasmi kuwa ni ugonjwa sugu usioambukiza. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Makorora, alitengewa sahani na wifi zake kwa sababu ya kichwa. Nilimwandikia maneno hayo kwenye karatasi akaenda nayo kwao.

Hatua ya 2: Lainisha, usikwangue

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Fanya usiku ambao kesho yake huna haraka. Mimi hufanya Jumamosi. Fumua nywele zote. Chukua mafuta ya nazi, haya ya kukamua tui na kuchemsha ni mazuri kabisa, uyatie kwenye kikombe na ukiweke kikombe ndani ya maji ya moto hadi mafuta yawe vuguvugu. Usiyabandike jikoni moja kwa moja, kwani ngozi hii ikiungua inalipiza.

Gawa nywele mafungu manne. Kila fungu lichane njia kwa mkia wa kitana, njia hadi njia upana wa kidole. Chovya pamba kwenye mafuta, uipitishe ndani ya njia. Penye gamba nene weka pamba, ikandamize kidogo, hesabu hadi kumi, songa mbele. Ukimaliza vaa kofia ya plastiki tunayotumia saluni, funga kanga juu, na kanga nyingine tandika kwenye mto. Lala nayo. Usipoweza kulala nayo, saa 3 au 4 zinasaidia.

Kama gamba ni nene sana mafuta peke yake hayatoshi. Daktari anaweza kukuandikia marhamu yenye asidi ya salisiliki, ambayo kazi yake ni kulegeza gamba. Inawasha kidogo. Usiipake kichwa kizima cha mtoto mdogo bila kuambiwa, na usiipake kwa wakati mmoja na kalsipotrioli, dawa nyingine ya kupaka nitakayoitaja hatua ya 5, kwa sababu asidi hiyo huiharibu kalsipotrioli.

Asubuhi gamba litakuwa limelegea kama karatasi iliyolowa. Lisukume kwa ncha ya kidole, au kitana chenye meno mapana kikilazwa ubavu. Linalotoka litoke. Linalogoma liache hadi wiki ijayo.

Nasisitiza hilo la kuacha kwa sababu ya yaliyonipata. Msusi mwenzangu, kwa nia njema kabisa, aliwahi kunikwangua kwa kitana cha chuma hadi damu ikatoka. Kichwa kilionekana safi siku tatu. Baada ya wiki mbili magamba mapya yaliota, na yaliota kwa mistari, yamefuata meno ya kitana. Daktari aliponitazama alijua bila kuuliza. Soriasisi huota pale ngozi ilipojeruhiwa, na daktari Heinrich Koebner alilieleza jambo hilo tangu 1872. Kukwangua, kucha ndefu, dawa ya kulainisha nywele iliyounguza, kusuka kwa kukaza, yote ni majeraha.

Hatua ya 3: Osha

Maji vuguvugu, si ya moto. Osha kwanza kwa shampuu laini kutoa mafuta, kisha shampuu ya dawa. Ninayoitumia zaidi ni ya lami ya makaa ya mawe. Ina harufu, na inaweza kutia rangi kwenye taulo jeupe na nywele za mvi, lakini inapunguza mwasho na magamba. Ipake kwenye ngozi, iache dakika 5 hadi 10, ndipo suuza. Wengi wanaisuuza hapo hapo na kulalamika haifanyi kazi. Siku hiyo usikae na kichwa wazi juani, kwa sababu lami huifanya ngozi iungue upesi.

Draya usiitumie kwa moto mkali. Futa kwa kukandamiza taulo.

Hatua ya 4: Pitisha dawa kwenye njia

Sasa ngozi iko wazi, na una muda mfupi kabla gamba halijarudi. Dawa ambayo wengi huanza nayo ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kama betamethasoni au klobetasoli. Kwa kichwa chenye nywele muombe daktari ya maji au losheni kama ipo. Marhamu nzito inanasa kwenye nywele.

Hapa usifanye kama unayepaka mafuta ya nywele. Fanya kama unayetaka kusuka. Chana njia, gusisha mdomo wa chupa kwenye ngozi, dondosha tone, sambaza kwa ncha ya kidole hadi ing'ae kidogo tu. Chana njia nyingine. Paka pagonjwa, pazima paache. Kisogoni humwita binti yangu anishikie kioo, na nyuma ya masikio napaka kidogo mno kwa sababu ngozi ni nyembamba. Isishuke usoni wala karibu na macho. Osha mikono.

Klobetasoli ni kali. Wiki 2, pengine hadi 4, kisha unarudi kwa daktari, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Wengine huichukua kwenye krimu za kujichubua, kwa sababu baadhi yake zina klobetasoli humo humo, wakaona kichwa kimepoa, wakaendelea miezi. Ngozi inakonda, na siku wakiacha ugonjwa unarudi kwa hasira. Nimewaona wawili. Tafadhali usiende huko.

Hatua ya 5: Punguza kwa ngazi

Kichwa kikitulia usikate dawa siku moja. Mimi nilielekezwa nishuke kutoka kila siku hadi siku moja napaka, siku moja naacha, kisha Jumamosi na Jumapili tu. Kulainisha na kuosha kunaendelea hata magamba yakiisha, mara moja kwa wiki. Kalsipotrioli, ukiipata, inafaa kipindi hiki kwa sababu haikondeshi ngozi, ingawa kazi yake ni ya polepole na utaisubiri wiki kadhaa.

Soriasisi haiponi moja kwa moja. Inalala, inaamka. Kichwa changu kiliwahi kulala miezi 14, kikaamka mwezi niliomzika baba. Nilianza upya hatua ya 2.

Mitindo, jua, na vitu vya dukani

Mistari mikubwa isiyokazwa ndiyo nywele zangu, nafumua kila baada ya wiki mbili. Njia zinabaki wazi, dawa inapita. Rasta nzito na wivingi huziba ngozi na kuvuta. Nywele zinazokatika kwa ajili ya magamba kwa kawaida hurudi, zinazong'oka kwa kukazwa miaka mingi zinaweza zisirudi.

Unayevaa ushungi kutwa, chagua pamba, na ukifika nyumbani vua kichwa kipate hewa. Jasho la Tanga unalijua, Februari ndiyo usiseme. Kuoga baharini Raskazone kunanisaidia, suuza tu chumvi baadaye. Jua la asubuhi la muda mfupi husaidia ngozi ya shingo na paji. Chini ya nywele halifiki sana.

Ndimu usipake. Inachoma, na ukitoka juani inaacha weusi au malengelenge. Alovera inapoza mwasho, sina ugomvi nayo. Vitunguu saumu, spiriti, magadi, acha.

Lini urudi kliniki bila kungoja

Vidole au magoti yakiamka yamekakamaa na kuvimba asubuhi, nenda upesi. Soriasisi inaweza kuingia kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Nenda pia kama umetokwa na vipele vya usaha mwilini, kama mwili mzima umebabuka, au kama magamba yamelipuka ghafla baada ya kumaliza vidonge au sindano za steroidi. Kupima virusi vya UKIMWI ni sehemu ya huduma, kwa sababu virusi vinaweza kuifanya soriasisi iwe kali. Usiogope ukiambiwa. Mtajie daktari kila dawa unayomeza: baadhi ya dawa za presha, lithiamu na klorokwini huichochea. Usiache ya presha kwa uamuzi wako, mwambie tu.

Kwa wenye ugonjwa mkali kuna tiba ya mwanga na vidonge vya methotreksati. Methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI. Kumeza kila siku kwa kukosea kunaua. Weka alama ya siku kwenye boksi, na mwenye mimba au anayetaka kubeba mimba asiitumie.

Ukienda kwa msusi

Mwambie kabla hajakufumua, kabla hajashika kitana. Maneno yenyewe ni haya, wateja wangu wengine wameyahifadhi kwenye simu: "Dada, nina soriasisi kichwani. Haiambukizi. Usinikwangue, usinikaze, maji yasiwe ya moto, na leo dawa ya kulainisha nywele sitaki." Akikunja uso, funga mtandio wako uje zako Ngamiani. Jioni baada ya saa 11 huwa nipo, na kiti cha kona kina pazia.