Namna ya kuuza vyombo vya ndani vilivyotumika mtandaoni bila kuchoshwa wala kuibiwa

Mwaka juzi nilihamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, nikapewa wiki tano za kufunga nyumba yangu ya Tabata Kimanga. Nilipiga hesabu ya lori nikaona nauli inakaribia thamani ya vitu vyenyewe. Nikaamua kuuza friji, sofa, kabati la nguo, runinga ya inchi 32, jiko la gesi la plati nne, meza ya watoto ya kusomea na cherehani. Nilijua ni kazi ya wikiendi mbili. Nikapiga picha harakaharaka usiku, nikaandika "Friji inauzwa, iko vizuri, karibu inboksi", nikaweka Facebook Marketplace na kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Siku ya tatu nilikuwa na jumbe 61, na hakuna hata mtu mmoja aliyekanyaga mlangoni kwangu.

Tangu hapo nimeuza vya kwangu vikaisha, nikauza vya dada yangu wa Mbagala, na majirani wakihama huniita. Jambo kubwa nililolishika ni hili: kero nyingi tunazitengeneza wenyewe kwenye tangazo. Swali ambalo mtu hakulikuta limejibiwa atakuuliza, na wenye kuuliza wakiwa sitini utajibu mara sitini, saa tano ya usiku, ukiwa umechoka, na mwishoni utamjibu vibaya mnunuzi wa kweli.

Kabla hujapiga picha

Kisafishe kitu kana kwamba unakipeleka kwa mkweo. Tuchukue friji, maana ndiyo inayoulizwa kuliko vyote. Izime, iyeyuke, ioshe hadi pembe za droo. Kisha kagua mpira wa mlango: chukua noti ya elfu moja, iweke nusu ndani nusu nje, funga mlango, ivute taratibu. Ikishikwa, mpira uko sawa. Ikiteleza tu, baridi inavuja hapo na friji inakula umeme bure. Wakati mwingine ukiuosha mpira kwa maji ya moto na sabuni na kuukandakanda unarudi kwenye umbo lake. Usiporudi, liandike hilo kwenye tangazo. Mnunuzi mzoefu atafanya kipimo hichohicho mbele yako, na afadhali uwe umeshamwambia.

Picha ni za asubuhi, mlango wa nyumba ukiwa wazi, mwanga uingie wenyewe. Kwa friji napiga sita: mbele, mlango ukiwa wazi, mpira kwa karibu, kibandiko cha nyuma chenye lita na wati, kila palipobonyea au kuchubuka, na bakuli la maji yaliyoganda humo ndani. Ile ya kibandiko usiiache. Dar kila mtu ananunua LUKU, na swali la "inakula umeme?" litakuja tu. Wati zikionekana, anayejua atapiga hesabu yake mwenyewe.

Andika jina lako na tarehe kwenye karatasi, iegemeze kwenye kitu unapopiga picha. Picha za sofa langu zilichukuliwa na mtu nisiyemjua, akazibandika kwenye grupu jingine kwa bei ya kutupa na kuanza kuomba watu advansi. Na angalia nyuma ya kitu kuna nini: watoto wako, sare zao za shule zenye nembo, namba ya nyumba, vyote viondoke.

Tangazo lenyewe

Hili ndilo lililouza friji yangu, baada ya kulifuta lile la kwanza:

"Friji ya milango miwili, lita 168. Nimeinunua dukani mwenyewe, nimeitumia miaka mitano, risiti ipo. Inagandisha vizuri juu, chini inapoza, haijawahi kufunguliwa na fundi. Kasoro: imebonyea kidogo ubavu wa kulia (picha ya tano), droo ya mboga ina ufa. Nauza kwa sababu nahama mkoa. Ipo Tabata Kimanga, nyumba ya chini, gari linafika mlangoni. Njoo siku za kazi baada ya saa 11 jioni au Jumamosi kutwa, utaikuta imewashwa. Bei 380,000, tutaelewana ukishaiona. Usafiri ni wa mnunuzi. Malipo ni hapahapa baada ya kukagua. Sishikii mtu bila advansi."

Rafiki zangu waliniambia nimeweka kasoro nyingi, nitafukuza wateja. Wapo waliofukuzika, kweli, na nawashukuru, maana wangekuja wakaziona na kuondoka wakiwa wamenipotezea jioni nzima. Waliofika walikuwa wameshazikubali. Baba mmoja alipapasa pale palipobonyea, akasema, "Hii uliisema," akaendelea kukagua mengine. Kasoro aliyoigundua mwenyewe ndiyo anayokushushia nayo bei. Uliyomtajia ameshaihesabu tangu nyumbani kwake.

Kuhusu bei, usikadirie kwa ulichonunulia. Nenda au mtume mtu Kariakoo akuulizie kitu kama hicho kipya kinauzwaje leo. Mimi huanzia nusu ya bei hiyo kama kitu ni kizima, halafu naongeza kidogo cha kupunguziwa, kwa sababu mnunuzi wetu asipopunguziwa hata elfu kumi ataondoka na kinyongo. Bei yako ya chini kabisa iandike kwenye daftari kabla ya kutangaza. Friji yangu ilikuwa 320,000 kwenye daftari na iliondoka kwa 330,000. Ukiingia kwenye maelewano bila namba hiyo, utashuka kwa sababu ya uchovu tu, halafu usiku usipate usingizi.

Tangaza kati ya tarehe 23 na tarehe 5, mishahara ikiwa imeingia. Januari nimeiacha kabisa kwa vitu vikubwa, watu wanalipa ada.

Jumbe, ahadi na madalali

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Bado ipo?" ijibu kwa jibu moja ulilolihifadhi, lenye swali ndani yake: "Ipo. Uko maeneo gani, na ungependa kuja kuiona lini?" Kati ya kumi, sita hawatajibu tena, na hao ungewaandikia habari ndefu bure. Anayetaja mtaa na siku ndiye wa kumpa muda.

"Bei ya mwisho?" kabla hajaona kitu usiijibu kwa namba. Ukisema 330,000 kwenye simu, akifika hapo ndipo ataanzia kushuka. Mazungumzo yangu na mama aliyeichukua friji yalikuwa hivi:

"Dada, bei ya mwisho ngapi?"

"Mama yangu, njoo uione kwanza, hatutashindwana."

"Natoka Chanika, nisije nikapoteza nauli."

"Nakuelewa. Nitakupigia video sasa hivi ikiwa imewashwa, na ukija na hela kamili nakupunguzia mbele yako. Chini ya laki tatu na ishirini usije, nisikusumbue."

Huyo nilimwambia ukweli kwa sababu alikuwa na safari ndefu na alikuwa ameshauliza kuhusu kirikuu cha kubebea. Mtu mwenye swali la usafiri ni mnunuzi. Hilo halijawahi kunidanganya.

Kuna wa "nishikie, nakuja kesho". Niliwahi kumshikia mtu sofa siku nne, nikawarudisha watu wawili waliokuwa na hela mkononi. Siku ya tano hakupokea simu. Sasa kanuni yangu ni moja kwa wote, hata kwa shemeji: bila advansi, anayefika kwanza anachukua. Advansi ya 20,000 inanunua siku mbili, na naiandika kwa ujumbe: "Nimepokea 20,000, nakushikia hadi Alhamisi saa 12 jioni, baada ya hapo naiuza na hela yako nakurudishia." Mimi hurudisha. Wapo wanaosema iwe adhabu, lakini sipendi kula hela ya mtu ambaye labda mtoto wake aliugua.

Madalali watakuja wakijifanya wanunuzi. Usigombane nao, wana wateja ambao huna. Waambie wazi: "Yangu ni 320,000, cha juu ni chako, ila mteja aje yeye mwenyewe na kitu hakitoki bila hela." Ukikubaliana hivyo anakufanyia kazi. Ukiacha bila mpaka, atapokea 400,000 na kukuletea 280,000 akisema mteja amegoma.

Hela

Niliibiwa mara moja, na kilichoibiwa ni cherehani ya marehemu mama yangu. Alishonea sare za shule za mtaa mzima, mbao ya meza yake ilikuwa imelika pale alipoweka kiwiko. Niliumia kuiuza, nikajipa moyo kwamba itaenda kwa fundi atakayeitumia. Kijana alinipigia kwa adabu, akiniita mama, akasema mkewe anaanza ushonaji, yeye yuko kazini, atamtuma bodaboda na hela ataituma kwa simu. Bodaboda alifika. Ujumbe ukaingia: imethibitishwa, umepokea Tsh 180,000, na salio jipya. Nikamsaidia kuifunga kwa mpira kwenye pikipiki kwa mikono yangu. Saa mbili usiku nilipotaka kulipia LUKU ndipo nikaona salio langu ni lilelile la asubuhi. Nikaurudia ujumbe: umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, kama ujumbe wa mtu yeyote. Namba ilikuwa imeshazimwa.

Kwa hiyo tafadhali, shika haya. Kabla mnunuzi hajafika, jua salio lako ni shilingi ngapi, liandike. Akisema ametuma, usisome ujumbe. Fungua menyu ya mtandao wako mwenyewe, kama ni M-Pesa piga *150*00#, angalia salio kwa macho yako, kitu kikiwa bado ndani ya nyumba. Mtandao ukisumbua, mnasubiri wote. Picha ya skrini inayoonyesha amelipa benki nayo si hela. Akikuharakisha kwamba gari linasubiri, hapo ndipo uketi chini.

Akija mtu kusema amekosea kutuma, kiasi kimezidi, umrudishie, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, utaratibu wa kurudisha muamala upo. Namba ya siri haombi mnunuzi wa kweli. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, pamoja na namba ya aliyekutumia.

Mkikubaliana kwa simu, taja mapema kwamba aweke na ya kutolea. Kwa hela taslimu nyingi, nendeni pamoja kwa wakala wa karibu, aihesabu na kuiweka kwenye simu yako hapohapo. Wakala anazijua noti bandia kuliko mimi na wewe.

Kama unachouza ni simu au kompyuta, ondoa akaunti zako kwanza ndipo uifute yote. Simu iliyofutwa ikiwa bado na akaunti ya Google au Apple itamfungia mnunuzi, na atarudi mlangoni kwako akidhani ni ya wizi. Kwa simu, mwonyeshe namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, kwa kupiga *#06#, iingie kwenye karatasi ya mauziano.

Siku ya kuondoka kitu

Usiwe peke yako. Mimi huita kaka yangu au jirani, na kitu nakisogeza sebuleni karibu na mlango, asiingizwe mtu vyumbani. Vidogo kama blenda au pasi navipeleka kituo cha mafuta mchana.

Andikeni karatasi, nakala mbili: majina, namba za simu, kitu gani, namba yake ya kiwandani, kasoro mlizokubaliana, bei, tarehe, sahihi na shahidi mmoja. Inamsaidia mnunuzi akisimamishwa njiani na friji juu ya kirikuu usiku, na inakusaidia wewe wiki mbili baadaye akisema droo ilikuwa nzima.

Mama wa Chanika nilimwambia friji isafirishwe imesimama, ifungwe kamba katikati, na akifika asiiwashe usiku ule, aiache imesimama bila umeme hadi asubuhi ili mafuta ya kompresa yatulie. Aliinunua kwa ajili ya kuuza barafu na juisi nje ya kwake. Kesho yake saa nane mchana alinitumia picha ya vifuko vya barafu vimepangwa juu, na maneno mawili: "Imeganda, dada."

Nikaingia kila grupu nilikotangaza, nikaandika IMEUZWA juu ya tangazo, na baada ya siku mbili nikayafuta yote. Lile la sofa nililisahau kwenye grupu moja, na hadi leo napigiwa simu huku Dodoma.