Ukitaka kwenda Mont-Saint-Michel, anza na mwezi

Tangu nirudi, nusu ya kwaya yetu hapa Kisumu wamenishika mkono baada ya misa wakiuliza ile kanisa ya kwa profile yangu, ile imekaa juu ya mwamba katikati ya maji, mtu anafika huko aje. Sasa naandika mara moja muache kunipigia usiku. Inaitwa Mont-Saint-Michel, iko Normandy, Ufaransa, na ni abasia, yaani makao ya wamonaki, kanisa ni sehemu tu.

Usianze na tiketi ya ndege, anza na mwezi, huu wa angani. Wavuvi wa omena pale Dunga wataelewa hii haraka kuliko sisi wa ofisi, maana wao mwezi ukijaa wanajua kazi imelala. Bahari ya huko siku kubwa inapanda na kushuka kama mita 14, ziwa letu halijui hiyo mambo kabisa, so kuna siku mwamba unazungukwa na maji unakuwa kisiwa na kuna siku unaona tope na mchanga mpaka macho inachoka. Mimi ajenti mmoja wa town, simtaji, alinipangia siku ya tope. Nilisimama pale na kamera shingoni nikijiuliza kama hii ndio nimekulia mkopo wa sacco. Bahati nzuri binamu yangu anakaa Rennes, mji wa karibu na huko, nikalala kwake nikarudi baada ya siku chache maji yakiwa yamejaa, nikanyamaza.

Wewe tafuta ratiba ya maji kwa simu, wao wanaita marée, iko na namba inaitwa coefficient, inayoonyesha maji ya siku hiyo ni makubwa kiasi gani, inafika hadi 120. Chini ya 90 usijisumbue kama umetokea mbali hivi, na ikipita 110 ndio kisiwa chenyewe. Siku hizo huja mara tu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na zile kali kabisa ni karibu na Machi na Septemba. Fika masaa mawili kabla maji hayajajaa, panda kwa ukuta wa mji, tafuta pahali, kaa.

Viza nitapita haraka: ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba Nairobi na unatoa alama za vidole, ada ni yuro 90, bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000, na unaweza kuomba miezi 6 kabla, kwa hivyo hakuna haja ya kukimbizana. Ukifika Paris nenda stesheni ya Montparnasse, panda treni ya kasi mpaka Rennes kama saa moja na nusu, halafu basi saa moja na kitu. Basi linakushusha ng'ambo, karibu na maegesho ya magari, kilomita 2 na nusu hivi kutoka kwa mwamba. Kuna basi dogo la bure la kukuvusha kwa daraja, lakini kama miguu iko sawa tembea, unaona mwamba ukikua pole pole na hiyo ndio raha yake.

Kuingia kijijini hulipi kitu, abasia ndio ina tiketi, na inanunuliwa kwa mtandao na saa yako. Imefungwa 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Vaa viatu vya kupanda mawe ya Kit Mikayi sio vya harusi, ngazi ni kama 350. Na beba kitu ya kula, ile barabara moja ya kijiji imejaa hoteli na bei yake itakutoa machozi, mimi nilikula mkate na mayai nimekaa kwa ukuta na hakuna mtu aliniuliza.

Sasa ndani. Shida ni kwamba wanakutembeza kutoka juu kwenda chini, so usipojua hadithi mapema inachanganya. Inaanza 708. Askofu wa Avranches, mji wa karibu, jina lake Aubert, anaambiwa na Malaika Mkuu Mikaeli kwa ndoto ajenge, anapuuza, anaambiwa tena anapuuza, mara ya tatu malaika anamdunga kidole kichwani. Fuvu lenye tundu liko Avranches mpaka leo, amini au usiamini. Wamonaki wa Kibenedikti wakaja 966, na hapo ndio mafundi wakafanya kitu ya ajabu: badala ya kukata kilele cha mwamba, walijenga vyumba pembeni mwake na kuweka kanisa juu ya hivyo vyumba. Iliwahi kuwaangukia pia, ukuta mmoja wa kanisa 1103, na sehemu ya altare 1421. Ukishuka utakuta chumba cha nguzo nono, mikono yangu haikufika hata nusu ya moja. Hizo ndio zimebeba altare mpya.

Kabla hujaingia kanisani, pale kwa uwanja wa nje, angalia chini. Mawe yana herufi na namba zimechongwa, ni alama za mafundi ili kila mtu alipwe kazi yake. Watu wengi wanazikanyaga wakipiga selfi.

Halafu jengo la Merveille, la karne ya 13, ghorofa tatu. Chini maskini wakipewa chakula, katikati wageni wakubwa, juu kabisa wamonaki wenyewe. Kwa ukumbi wao wa kula simama mlangoni: mwanga umejaa na madirisha huyaoni. Tembea ndio yanatokea moja moja, membamba, yamefichwa kati ya nguzo.

Karibu na mwisho kuna gurudumu kubwa la mbao. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa walifanya hapa jela, mpaka 1863, na wafungwa waliingia ndani ya hilo gurudumu wakatembea kama panya ili kamba ivute mizigo kutoka chini. Chungulia dirishani uone ile njia ya mawe mzigo ulikopandia, miguu itakulegea.

Mchangani usishuke bila kiongozi wa huko hata kama maji iko mbali, kuna mchanga unaomeza miguu na bahari ikirudi inazunguka nyuma yako. Na angalia saa ya basi la mwisho la Rennes. Mimi nilizubaa kuangalia maji, nikalikosa, binamu akaja kunichukua na gari na hakuongea njia nzima.